Mbasa wa Harusi na Mshale wa Joto

Pikipiki yangu haikutoka dukani kama ilivyo leo. Fremu ni ya pikipiki ya kawaida, kama zile za bodaboda wote wa Mbinga. Injini ilitoka kwenye pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, ambayo ilipinduka ikaachwa inaota nyasi nyuma ya mashine ya kukoboa kahawa. Ni injini inayopozwa kwa maji, kwa hiyo mbele yake kuna rejeta na feni. Nyuma ya kiti cha abiria kuna boksi la barafu lililokatwa kutoka kwenye friji bovu. Aliyeunganisha vyote hivyo ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, fundi mwenye gereji ya mabati karibu na stendi. Alipomaliza aliizunguka akiitazama kama mtu anayenunua ng'ombe, akasema, "Shemeji, hii itapanda mlima na jiwe mgongoni."

Mimi ni mtoto wa ziwani. Nilizaliwa Kihagara, nikaolewa na Mmatengo, nikahamia Mbinga kwenye baridi na kahawa. Nilipofika niliwakuta watu wanapenda samaki lakini wanawajua wakavu tu. Samaki mbichi walipanda mara mojamoja, na wakifika macho yameshazama na matumbo yamelegea. Nikasema, kazi yangu iko hapo. Nitashuka ziwani na barafu, nitapanda na samaki ambao bado wana harufu ya maji. Mume wangu hakunizuia. Alisema tu kwamba mwanamke juu ya pikipiki iliyobeba friji atazungumzwa, na kweli nilizungumzwa, mpaka watu walipoonja magege wa kuchoma ambaye asubuhi alikuwa bado ndani ya wavu.

Kilichonitesa ni geji ya joto.

Injini ya maji haina msamaha ikichemsha. Ndiyo maana shemeji alifunga sensa ndogo kwenye injini, akavuta waya mpaka kwenye geji aliyoitoa kwenye gari lililokufa, akaiweka katikati ya usukani mbele ya macho yangu. Geji ilikuwa na herufi ya baridi kushoto, ya moto kulia, na mshale mwekundu katikati yake. Karibu na mkono wangu wa kushoto aliweka swichi ya feni. Maagizo yake yalikuwa rahisi. Mshale ukipita nusu, washa feni. Ukikaribia mwisho, simama.

Safari za kwanza mshale haukupita robo. Nilifurahi, nikadhani injini ni ya ajabu. Siku moja nikiwa katikati ya mlima kutoka Mbamba Bay, boksi likiwa limejaa mbasa, samaki warefu wa ziwa letu, nilisikia harufu kama ya sufuria iliyosahauliwa jikoni. Mshale ulikuwa pale pale, robo, umetulia. Nikaendelea. Kona iliyofuata mvuke ukapasuka kutoka chini ya tangi, injini ikagonga mara kadhaa ikazima. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua. Nilikaa pembeni ya barabara hadi lori la mbao lilipotokea na kutubeba, mimi na pikipiki. Barafu ikayeyuka njiani, maji ya samaki yakadondoka kwenye mbao za watu.

Shemeji alibadilisha gasketi, akalaumu sensa. Akaniwekea nyingine, ya gari jingine. Sasa geji ikageuka upande wa pili. Hata sijamaliza kupasha injini moto, mshale umeshapita nusu. Nikiwasha taa unaruka juu kama umechomwa sindano. Nikianza mlima unaenda kulala kwenye herufi ya moto na haunyanyuki. Nami, kwa kuwa nilikwishaungua mara moja, nikawa nasimama. Kulikuwa na mahali chini ya kona kali ambapo bodaboda hupumzika, penye kibanda cha chai na bomba la maji. Pakawa kituo changu cha lazima. Nilisimama, nikafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, nikakuta maji hayajachemka wala hayana dalili ya kuchemka. Nikasubiri hivyo hivyo, maana sikujua niamini nini.

Wale vijana wa bodaboda wakazoea. Wakiniona natokea kwenye kona mmoja anachota maji kwenye ndoo kabla sijazima injini.

"Dada, ng'oa hiyo geji," aliniambia mkubwa wao, mwanaume mwenye koti la mvua hata siku za jua. "Sisi hatuna geji na tunafika."

"Injini zenu zinapozwa na upepo."

"Basi na wewe umwachie Mungu."

Lakini samaki wangu hawakuhurumiwa na jua. Nilianza kufika Mbinga mchana badala ya asubuhi, na wenye hoteli ndogo walionisubiri wakaanza kupika maharage bila kuniuliza.

Ndipo ikaja harusi. Wifi yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu, alikuwa anaolewa Litembo, nyumbani kwao. Kwenye kikao cha ukoo watu waligawana mzigo: huyu mchele, huyu ng'ombe, huyu viti. Ikafika zamu yetu. Kabla mume wangu hajafungua mdomo, mimi nikasema, "Samaki ni wangu. Mbasa wabichi, siyo wakavu."

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka na miguu ameinyoosha. Ni mwanamke mfupi, mkulima wa kahawa na wa ngoro, mashamba ya mashimo ya Wamatengo, na maneno yake ni machache kiasi kwamba mtu huyakumbuka. Akanitazama, akasema, "Mbichi mpaka Litembo?"

"Mpaka Litembo, Mama."

"Na hiyo pikipiki inayolala njiani?"

Watu wakacheka kidogo. Nikasema itakuwa imepona. Kurudi nyumbani mume wangu aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia sina, lakini neno limeshatoka.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, tulikutana uani kwetu Mbinga. Shemeji alikuja na boksi lake la spana. Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nasi kwa ajili ya maandalizi, akaleta kigoda chake akakaa karibu. Na mimi nilimwita jirani yetu, mwalimu wa fizikia wa sekondari, mwanamke wa umri wangu anayependa samaki kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilikuwa nimemweleza habari ya geji dirishani siku moja, akasema kwamba geji haisomi joto, inasoma umeme, na umeme ukipita njia mbaya lazima ijibu vibaya.

Shemeji hakununa kusikia hivyo. Ni mtu anayependa kujua. "Haya Mwalimu," alisema, "tuanze na njia."

Wakaanza na waya. Mwalimu alitaka kujua umeme unarudije kwenye betri ukishapita kwenye geji. Shemeji akafuata waya kwa kidole: kutoka geji, kuingia kwenye bolti moja ya fremu iliyobeba pia waya wa taa, waya wa honi na waya wa feni. Bolti ilikuwa juu ya rangi, na chini ya rangi palikuwa na kutu.

"Zote nne zinapita mlango mmoja mbovu," alisema mwalimu. "Taa ikiwaka inajaza mlango, geji inachanganyikiwa."

"Ndiyo maana mshale unaruka," nikasema.

Shemeji akatikisa kichwa taratibu. Akakata waya mnene mweusi, akaufunga kutoka kwenye injini yenyewe mpaka kwenye betri, na mwingine kutoka kwenye geji mpaka betri, bila kupita kwenye fremu. Tukawasha taa. Mshale haukutikisika. Tukapiga honi, tukawasha feni. Ukabaki pale pale. Nilipiga makofi, ingawa kazi ilikuwa ndiyo kwanza imeanza.

Kisha akaitafuta sensa ya kwanza, ile ya injini yenyewe, aliyoitupa kwenye kopo la bolti. Ilikuwa bado imezungushiwa utepe mweupe wa mafundi bomba, tabaka juu ya tabaka. Aliuzungushia ili maji yasivuje. Mwalimu akaishika, akaigeuza juani.

"Hii sensa inarudisha umeme kupitia mwili wake, siyo? Kwenye hizi nyuzi za kukazia, ulizozifunika kwa utepe usiopitisha umeme?"

Shemeji akaitazama muda mrefu. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye tairi. "Nimeivalisha soksi," alisema. "Nimeivalisha soksi halafu naiuliza kwa nini haisikii baridi ya sakafu." Akautoa utepe wote kwa kisu, akazisugua nyuzi kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa, akatafuta ringi ya shaba ya kuzuia maji badala yake.

Bado palikuwa na swali. Geji ilikuwa ya gari, sensa ilikuwa ya injini ya mizigo. Hata zikiunganishwa vizuri, nani alijua kwamba nusu ya geji ni nusu ya joto? Mwalimu akasema dawa ni moja: tusiamini maandishi ya kiwandani, tuipime upya na tuichore alama zetu wenyewe. Alikuwa ameazima kipimajoto cha maabara, amekifunga kwenye leso.

Tukawasha jiko la mkaa. Tukainjika sufuria ya maji, tukaitundika sensa kwa waya ili ncha yake tu iguse maji, waya mmoja ukaenda kwenye geji na mwingine, uliobanwa mwilini mwake, ukaenda kwenye betri. Kipimajoto kikasimama kando yake. Mwalimu akawa anasoma, shemeji anatazama mshale, mimi nimeshika chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, ambayo sikuwa nimeitumia tangu Krismasi.

Maji yakapata moto. Mwalimu akasema sitini, nikaweka nukta kwenye kioo. Akasema themanini, nikaweka nyingine. Tulipofika tisini maji yalianza kuimba. Baadaye kidogo yakachemka kabisa, yakabingirika, na kipimajoto kikasimama chini ya mia.

"Kwisha habari," alisema shemeji. "Hata hiki kinadanganya. Maji yanachemka kwenye mia, tulifundishwa darasani."

"Yanachemka kwenye mia pwani," mwalimu alijibu. "Huku tuko juu. Hewa ni nyepesi, maji yanachemka mapema kabla hayajawa moto sana. Mkiipeleka sufuria hii Kihagara mtaona yatapata moto zaidi kabla ya kuchemka."

Shemeji hakusadiki sana. Ni mama mkwe aliyesema, kwenye kigoda chake, akichambua mchele.

"Ndiyo maana maharage."

Tukamgeukia.

"Dada yangu aliolewa bondeni, Mbamba Bay," alisema. "Nilikwenda kumtembelea akiwa amejifungua. Maharage yale yale niliyotoka nayo Litembo yaliiva kabla sijamaliza kuzungumza naye. Kwetu yanakula kuni mpaka unachoka. Nilidhani ni sufuria yake."

Mwalimu alitabasamu akasema hajawahi kupata mfano mzuri kama huo wa kuwapa wanafunzi wake. Basi tukakubali kipimajoto ni cha kweli, nikaweka nukta mahali maji ya Mbinga yanapochemkia.

Lakini alama niliyoihitaji zaidi ilikuwa juu ya hapo. Shemeji alieleza kwamba kifuniko cha rejeta kinayabana maji ndani, kwa hiyo yanaweza kupita mia bila kuchemka, na hatari yenyewe inaanzia huko. Sasa tungepimaje joto ambalo maji ya sufuria hayafiki?

"Kaangeni," alisema mama mkwe.

"Mama?"

"Mafuta. Maji hayachomi maandazi. Mafuta yanachoma."

Nikaleta mafuta ya alizeti. Tukabadilisha sufuria, tukapunguza mkaa, maana mwalimu alisema kipimajoto chake hakivuki mia na kumi na akikivunja hataweza kurudi shuleni. Mafuta yakapanda polepole, bila kelele. Tisini na tano, mia. Kwenye mia na tano akasema, "Hapo." Nikapaka mstari mnene mwekundu kwenye kioo, siyo nukta. Akakitoa kipimajoto upesi. Mstari ule ulikuwa mbali kidogo na herufi ya moto ya kiwandani. Nukta ya kuwasha feni tuliiweka kabla yake, nayo haikuwa karibu na nusu. Kwa muda wote ule nilikuwa nikifuata alama za gari la mtu mwingine.

Sensa ikarudi mahali pake na ringi yake ya shaba. Jioni ile nilizunguka mji mzima, nikapanda kilima cha kanisa na kushuka, nikitazama mshale ukienda na kurudi kama mtu anayepumua.

Mama mkwe aliniambia atakwenda nami ziwani. "Samaki wa harusi ya mwanangu nitawachagua mwenyewe," alisema, na hakuna aliyebishana. Tukashuka siku moja kabla, yeye amejifunga kanga mbili na kuvaa koti la mwanawe, kofia ngumu imemfunika mpaka nyusi. Tulilala kwa mama yangu mzazi Kihagara. Wale wazee wawili waliamkiana, wakaulizana habari za mashamba na za marehemu, kisha wakaketi kuchambua mboga pamoja kama waliokua nyumba moja.

Alfajiri mitumbwi iliporudi, mama mkwe alitembea mchangani kati ya wavuvi akifunua mashavu ya samaki kwa kidole gumba. Aliwakataa wengi. Wavuvi wakamheshimu kwa hilo. Aliowakubali walikuwa mbasa warefu, wanang'aa ubavuni, na magege wa kujazia. Tuliwalaza kwenye barafu, tukafunga boksi kwa mpira wa tairi.

Njia ya ufukweni ilikuwa nyepesi. Mshale ulipanda mpaka nukta ya themanini ukatulia. Tulipofika Mbamba Bay na kushika lami, nikamwambia mama mkwe aliyekuwa nyuma yangu, "Mama, mimi nitatazama barabara. Wewe nitazamie geji." Kidevu chake kilikuwa begani kwangu. Kuanzia hapo akawa ananisomea.

"Yuko kwenye nukta ya tatu," alisema tulipoanza mlima.

Kona ya kwanza, ya pili. Injini ikaanza kunguruma kwa sauti ya chini, ile sauti iliyokuwa ikinifanya nishike breki.

"Amefika kwenye nukta ya feni."

Nikawasha feni. Nikaisikia inavuma. Nikasubiri neno lake.

"Anakwenda kidogo," alisema. Kisha, "Amesimama. Hajagusa mstari."

"Una hakika, Mama?"

"Nina macho."

Tukatokea kwenye kona ya kile kibanda cha chai. Yule mwenye koti la mvua alikuwa ameshainuka na ndoo, wenzake wamesogea barabarani wananipungia nisimame. Mmoja aliita kwamba kuna mvuke, na hakukuwa na mvuke. Kama ingekuwa mwezi uliopita mshale ungekuwa umelala kwenye herufi ya moto, na mimi ningekuwa nimeshatoka barabarani. Sasa nilikuwa na nukta zangu, nilizoziweka kwa mkono wangu nikiangalia maji yanapata moto. Nikapunguza gia, nikapiga honi, nikapita katikati yao. Mama mkwe akawapungia mkono kwa utulivu, kama askofu anayepita kwenye gari. Nyuma nikasikia wanapiga miluzi na kushangilia, na ndoo ikaanguka.

Nilicheka ndani ya kofia mpaka machozi yakanitoka. Sikujua kwamba mlima ule ni mfupi kiasi kile. Siku zote niliupanda kwa vipande.

Tuliingia Mbinga jua bado halijakausha umande. Tulisimama kidogo tu kujaza mafuta, tukashika njia ya udongo ya Litembo. Mvua ilikuwa imenyesha juzi, magari yameichimba, na pikipiki ilikuwa inaruka kutoka shimo hadi shimo, barafu inagonga kuta za boksi. Kushoto kwetu mashamba ya ngoro yalikuwa yamepangwa kwenye mteremko shimo kwa shimo. Mama mkwe alikuwa ananitajia wenye mashamba.

Halafu akaacha kutaja. "Amefika kwenye mstari," alisema.

Nikatega sikio. Injini ilikuwa inaunguruma vizuri. Hapakuwa na harufu wala mvuke. Kilima kilichobaki kilikuwa kimoja, na nyuma yake kengele za kanisa la Litembo. Feni ilikuwa inavuma. Nikawaza kwamba labda waya umelegea, kwamba geji imerudia tabia zake, kwamba wapishi wanasubiri.

"Kwenye mstari au karibu na mstari?"

"Amekanyaga mstari, mwanangu."

Nikasimama. Nikazima injini, tukashuka. Nilipoinama nikaona matone yanaanguka kwenye udongo, moja baada ya jingine. Kibano cha mpira wa maji, chini ya rejeta, kilikuwa kimelegezwa na mashimo ya njia. Maji yalikuwa yanatoka kidogokidogo. Yalikuwa bado hayajaisha. Kama ningepanda kilima kile kimoja, yangeisha juu yake.

Nilikikaza kibano kwa bisibisi. Mama mkwe akaingia kwenye nyumba iliyokuwa chini ya migomba, nikamsikia akiitikia salamu, "Marahaba, marahaba," akatoka na mwanamke aliyembebea ndoo ya maji. Tukangoja injini ipoe. Yule mwanamke alitaka kujua ndani ya boksi kuna nini, nikamfungulia kidogo. Barafu ilikuwa nzima, na mbasa wametazama juu kwa macho angavu, safi. Akashika mdomo wake. Nikampa magege mmoja kwa ajili ya maji yake.

"Zamani ungejuaje kwamba maji yanavuja?" mama mkwe aliniuliza tulipokuwa tunapanda tena.

"Ningejua injini ikishaungua, Mama."

Akaweka kidevu chake begani, akaendelea kusoma. Mshale ulikuwa kwenye nukta ya themanini.

Tuliingia uani kwao Litembo wakati wanawake ndiyo kwanza wanapuliza moto wa masufuria makubwa. Vigelegele vilianza upande wa jikoni vikasambaa mpaka kwenye turubai. Mume wangu alikuja mbio akiwa ameshika nguzo, akasahau kuiweka chini. Wapishi wakafungua boksi, na mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, akamnyanyua mbasa kwa mikono yote miwili, akamwonyesha kila mtu kama mtoto aliyebatizwa. Shemeji yangu peke yake hakwenda kwenye samaki. Alikwenda moja kwa moja kwenye usukani, akapiga magoti kwenye udongo na suti yake ya harusi, akatazama kioo chenye nukta za rangi ya kucha.

"Huyu mshale alifika wapi?" aliniuliza.

"Alifika kwenye mstari. Mpira wa chini ulikuwa unavuja. Tukasimama."

"Kwa hiyo alisema ukweli."

"Alisema kabla ya mvuke."

Shemeji akalipapasa tangi. Kisha akaenda kumtafuta mwalimu, ambaye alikuwa amekuja na gari la wageni, nikawaona wamesimama chini ya mti wa parachichi, yeye anaeleza kwa mikono miwili, mwalimu anacheka.

Ndoa ilifungwa, tukarudi kula. Samaki walikuwa wa kukaanga na wa mchuzi, na wengine walichomwa kwa sababu mama mkwe alisema mbasa wa leo hastahili kufichwa kwenye nyanya. Wazee ambao hawakuwahi kula samaki asiye mkavu waliuliza kama kuna wengine. Ndugu zangu wa ziwani waliokuja wakaanzisha kioda, wanawake wakajipanga kwa mistari, na Wamatengo wakaingia nao, wakikosea hatua bila kuona haya.

Ulipofika wakati wa wazazi kusema neno, mama mkwe alisimama. Aliwashukuru wageni, akawausia maharusi kwa ufupi. Halafu akasema kwamba amepanda mlima wa ziwa mara nyingi katika maisha yake, kwa miguu akiwa msichana, na kwa magari akiwa mtu mzima, na kwamba leo ndiyo mara ya kwanza kuupanda akijua wapi hatari iko na wapi haiko. "Mkwe wangu aliniambia nimtazamie," alisema. "Nilimtazamia. Akaniamini." Akakaa.

Nilikuwa nimeshika sinia. Mume wangu akalichukua mikononi mwangu ili niweze kujifuta uso, na wanawake wa kioda wakaja wakanivuta katikati yao, na buti zangu za pikipiki, na harufu yangu ya samaki, nikacheza.